Jinsi ya kulisha ndege wa uani Nairobi miezi ya baridi

Mwezi wa Julai jua la Nairobi huwa kama mdeni: unajua lipo, ila hulioni. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mawingu yameshuka hadi kwenye matangi ya maji juu ya mapaa, kamba za nguo zimelowa manyunyu, na kwenye ua wa michongoma kuzumburu sita wameng'ang'ania vijiti, miili wima, matumbo yote yameelekea mashariki. Hawali. Wanaota jua ambalo bado halijatoka. Manyoya ya kuzumburu hayashiki joto vizuri, na chakula chake ni majani, maua na matunda, vitu vya kusagika polepole. Tumbo lisipopata joto, kazi ya ndani nayo hulegea. Usiku hulala wamebanana kama watoto wa bweni lenye blanketi moja.

Nilianza kulisha ndege kwa sababu ya hao sita. Tangu hapo nimekosea mengi, na sehemu kubwa ya haya ninayoandika imetoka kwenye makosa hayo.

Jambo la kwanza: baridi yetu isikutishe. Maelekezo mengi ya kulisha ndege yameandikwa na watu wa nchi za theluji. Huko London usiku wa Desemba hukaribia saa 16, maji yameganda, na ndege mdogo anaweza kumaliza mafuta yote ya mwilini kabla hakujakucha. Ndiyo maana wenzetu wa huko huning'iniza madonge ya mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na mbegu. Hapa karibu na ikweta usiku ni saa 12 kuanzia Januari hadi Desemba, na alfajiri ya Julai joto hushuka hadi nyuzi 10 au 12 hivi. Nyasi zilizonyeshewa kuanzia Machi hadi Mei zimeshazaa mbegu. Kinachoadimika ni jua, wadudu wanaoruka na, kadiri Julai inavyoingia Agosti bila mvua ya maana, maji safi. Kwa hiyo achana na madonge ya mafuta, na usijione mwokozi. Ndege wa Nairobi ataishi bila wewe. Asichoweza kukistahimili ni sahani yako chafu.

Hatua ya 1: Tazama wiki nzima kabla ya kununua chochote

Chukua chai yako, kaa dirishani kuanzia kunapopambazuka hadi saa mbili, uandike wanaokuja. Nairobi imeorodheshewa zaidi ya spishi 600 za ndege ukijumlisha mbuga na misitu yake, lakini ua wa kawaida utakuletea kumi, kumi na tano. Waangalie midomo, maana mdomo ndio unaotaja chakula. Mdomo mfupi mnene ni wa mla nafaka: shomoro, chiriku, kwera wa manjano, na wale wadogo wa kahawia wenye tumbo jeupe wanaotua kumi kumi kwenye nyasi. Hua na tetere wana mdomo mwembamba lakini nao ni wa nafaka, tena chini ardhini. Wa matunda ni kuzumburu (wengine humwita pasa), shore mwenye kichwa cheusi na umanjano chini ya mkia, na ndege fulani mdogo wa kijani mwenye pete nyeupe kuzunguka jicho. Mdomo mrefu uliopinda kama sindano ya kushonea magunia ni wa chozi, naye ana habari yake hapo chini. Kwenzi, mgongo buluu ya kung'aa na tumbo rangi ya kutu, hachagui. Kwarara usimhangaikie, yeye anachokonoa minyoo kwenye nyasi, na kelele zake za alfajiri umeshazisikia utake usitake.

Ukikwama kutambua, chama cha Nature Kenya kina matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi kuanzia Makumbusho ya Taifa, desturi iliyoanza mwaka 1971. Asubuhi moja na watu wale itakufunza kuliko mwezi mzima peke yako na simu.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Sahani ikae juu, mita moja na nusu hadi mbili kutoka ardhini, na iwe hatua tatu nne kutoka kichaka kilicho karibu. Kichaka kikiwa mbali mno, kipanga akipita ndege hawana pa kukimbilia. Kikiwa karibu mno, paka wa jirani atajificha humo.

Vioo vya madirisha vinaua ndege kimyakimya. Ndege haoni kioo, anaona mti uliomo ndani yake. Weka sahani chini ya mita moja kutoka dirishani, ili akishtuka asiwe na nafasi ya kushika kasi, au uipeleke mbali zaidi ya mita 10. Hapo katikati ndipo penye hatari.

Kama unafuga kuku, usiweke sahani karibu na banda lao. Kideri na maradhi mengine huvuka kutoka kwa ndege wa mwituni kwenda kwa kuku na kurudi, na nafaka iliyomwagika huwakutanisha mezani.

Wakazi wa fleti tuna tatizo letu. Sahani yangu ya kwanza niliifunga kwenye chuma cha balkoni, ghorofa ya tatu, nikajaza mtama. Siku ya tatu mama wa ghorofa ya pili alinigongea mlango, shuka jeupe mkononi, akalikunjua mbele yangu bila salamu ndefu.

"Kijana wangu, hao kuku wako wa angani wamenifulia shuka."

Nilimwomba radhi, nikalifua lile shuka kwa mkono, nikalirudisha kesho yake likiwa limepigwa pasi. Tangu siku ile balkoni yangu ni ya matunda na maji tu, na sahani iko upande wa ndani, juu ya sinia pana la kudaka maganda na kinyesi. Nafaka nikaihamishia chini uani, kwenye kona ya mpapai, baada ya kuelewana na mlinzi. Ukiwa mpangaji, zungumza na majirani kabla ya ndege hawajazungumza nao.

Hatua ya 3: Tengeneza sahani

Hapa hakuna cha kuumiza kichwa. Mwombe fundi seremala mabanzi, upate kibao cha sentimita 30 kwa 40, ukigongomee ukingo mfupi kuzunguka na utoboe matundu saba nane ya msumari ili maji ya mvua yatoke. Kipande cha bati juu yake kama paa. Tundika kwa waya kwenye tawi, au kipigilie juu ya nguzo. Kama kuna panya, vika nguzo mkebe mkubwa uliopinduliwa, mdomo chini, katikati ya urefu wake. Panya akipanda huishia ndani ya mkebe na kurudi alikotoka. Usipake nguzo grisi. Ikishika manyoya ya ndege haitoki. Kwa matunda, misumari miwili mirefu iliyochomoza juu ya ubao inatosha.

Hatua ya 4: Chakula

Nafaka huwa nanunua Nyamakima, katikati ya jiji. Mara ya kwanza nilimwambia mama muuzaji anipimie wimbi.

"Ya uji?"

"Hapana mama, ya ndege."

Akaacha kupima. "Ndege gani, kuku?"

"Hawa wa miti. Shomoro."

Aligeuka akamtazama mwenzake wa meza ya pili, kisha akaongeza konzi moja ya bure juu ya mzani. "Hiyo ni yao," akasema, "yako umelipia."

Wimbi na mawele ni ya wenye midomo midogo. Mtama ni wa hua, tetere na kwera. Mbegu za alizeti ambazo hazijakaangwa ni nzuri pia, ila ghali. Mchele mbichi kidogo hauna neno. Mahindi mazima ni makubwa mno kwa wengi wao. Yavunje yawe chenga, na hata hivyo soma habari ya ukungu hapo mbele kabla hujayatoa. Mimi nyumbani napimia kasuku, yaani ule mkebe wa mafuta ya kupikia, na hadi leo nacheka ninapowapimia ndege chakula kwa kasuku. Mkebe mmoja hunitosha wiki mbili, kwa sababu kila asubuhi natoa ngumi moja tu. Kipimo ni hiki: ikifika saa nne na bado kuna chakula, kesho punguza.

Matunda: papai lililoiva, ndizi iliyopata madoa meusi, chungwa lililokatwa nusu na kuchomekwa kwenye msumari, kipande cha embe msimu ukiwepo. Muuza matunda wa mtaani ana vipande ambavyo wateja hawavitaki, na atakupa kwa bei ya kutupa. Kuzumburu hufika mmoja mmoja, wakitambaa kwenye tawi kama panya, kisha ghafla wako sita juu ya papai moja, mikia mirefu imetapakaa pande zote. Hula hadi ganda libaki karatasi.

Usiwape avokado. Jiji hili limejaa avokado miezi hiyo, na kishawishi ni kikubwa, lakini tunda hilo lina kemikali inayodhuru moyo wa ndege wa aina nyingi, na majani na ganda lake ni vivyo hivyo. Usiwape pia maziwa, kwa kuwa hawawezi kuyameng'enya, wala chipsi, krispi au chochote chenye chumvi. Mkate humjaza ndege bila kumlisha. Chembe chache si dhambi, kipande kizima ni uvivu wako. Mabaki ya nyama yatakuletea kunguru na mwewe, na mtoto yeyote aliyewahi kunyang'anywa kipande cha kuku uwanjani mwa shule atakueleza mwewe wa Nairobi ni mtu wa aina gani.

Jambo moja ambalo watu hulisahau: usinunue mbegu za kupanda kutoka agroveti. Zile zenye rangi ya waridi, nyekundu au kijani zimepakwa dawa. Ni sumu kwa ndege, na kwako pia. Nunua nafaka ya kuliwa na watu.

Ukungu

Hii si hatua. Ni kitu cha kuogopa kila siku. Karanga na mahindi yaliyolowa huota ukungu unaotoa sumukuvu. Kenya tunaijua: mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi wao upande wa Ukambani, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Lakini sumukuvu yenyewe wataalamu waliifikia kupitia ndege. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu, na ndipo ikaanza kutafutwa sababu. Kama unyevu wa ghala uliweza kumaliza bata mzinga wa ukubwa ule, fikiria ndege wa gramu 10 kwenye kibao chako chenye manyunyu ya Julai. Karanga zenye doa, zilizokunjamana au zenye harufu ya udongo zitupe, usimwonee mtu huruma. Weka nafaka kwenye mkebe wenye kifuniko, ndani ya nyumba, mbali na ukuta unaotoa unyevu.

Hatua ya 5: Maji

Kama utafanya jambo moja tu katika yote haya, liwe hili. Kigae cha chungu cha maua, au sufuria kuukuu isiyo na kina, maji ya sentimita 3 hadi 5 tu, na jiwe katikati lililochomoza. Jiwe ni la ndege kutua na la nyuki kujiokoa. Ndege huoga hata siku ya baridi. Manyoya machafu hayashiki hewa, na hewa hiyo iliyonaswa kati ya manyoya ndiyo blanketi lake. Saa tano, mawingu yakifunguka kidogo, utamwona shore akiingia kwa kishindo, akipiga mabawa hadi maji yaishe nusu, kisha akapanda tawini kujitikisa kama mtu aliyemwagiwa ndoo. Wadogo husubiri zamu yao kwa heshima.

Badilisha maji kila siku. Mbu anahitaji wiki moja na zaidi kutoka yai hadi kuruka, hivyo maji yanayomwagwa kila asubuhi hayazai mbu, na hilo ndilo jibu la jirani atakayekulalamikia.

Hatua ya 6: Usafi

Mwaka wangu wa pili nilipata tamaa. Nilitaka ndege wengi, nikajaza sahani chenga za mahindi na karanga, nikaacha zikae hadi ziishe. Manyunyu yakaingia. Chini ya chakula kipya kulikuwa na tabaka la cha juzi, na chini yake utelezi wa kijani uliochanganyika na kinyesi. Asubuhi moja nikakuta hua amekaa ukingoni mwa kibao, amejitutumua kama mpira, macho nusu. Nilisogea hadi nikaweza kumgusa na hakuruka. Alijaribu kumeza punje, akaitema, mate yakaning'inia mdomoni. Kesho yake nilimwokota chini ya mpapai.

Kujitutumua, kutoruka, kushindwa kumeza, mate: dalili hizo huonekana kwa hua mwenye ugonjwa wa koo unaoletwa na kijidudu cha trikomonasi, ambacho huhama kupitia mate kwenye sahani na maji ya pamoja. Huko Uingereza kijidudu hicho kilivuka kwenda kwa aina ya chiriku wa kijani wa bustanini mwaka 2005, na sahani za kulishia zikawa mahali pa kuambukizana. Idadi ya chiriku hao imeshuka kwa zaidi ya nusu. Watu waliokuwa wakiwalisha walikuwa na nia njema, kama yangu.

Kwa hiyo: kila jioni fagia kibao, usilaze chakula. Mara moja kwa wiki kisugue kwa brashi na sabuni, kisha kiloweke kwenye maji yenye jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, dakika kumi. Suuza vizuri, anika kikauke kabisa kabla ya kukirudisha. Tenga brashi na ndoo ya kazi hiyo, visiingie jikoni, na unawe mikono. Ukiwa na vibao viwili vya kubadilishana, kazi inakuwa rahisi zaidi. Ukiona ndege mgonjwa hata mmoja, ondoa sahani na maji kwa wiki mbili, watawanyike wakale kwingine. Aliyekufa usimshike kwa mikono mitupu. Mfunge kwenye mfuko, mzike mbali. Na usimchukue aliye mgonjwa ukamtia kwenye tundu la ndani ukimwuguza kwa miezi. Ndege wa mwituni ni mali ya taifa, na kumfuga bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013.

Chozi

Chozi hataki sahani. Wapo wanaomtilia maji ya sukari kwenye chupa, sehemu moja ya sukari nyeupe kwa nne za maji, na kipimo hicho ni sahihi, mradi hakuna asali, sukari guru wala rangi, na chupa ioshwe kila siku. Nilijaribu nikachoka. Mshubiri mmoja kwenye ndoo iliyotoboka hufanya kazi hiyo bila kuoshwa. Wangu huchanua Julai, na chozi dume mwenye mng'ao wa shaba hufika saa tatu akakaa pale kama ndiye aliyeupanda. Ukiwa na kiwanja, ongeza ile mimea ya pembeni mwa barabara yenye mafungu ya maua ya rangi ya chungwa yaliyopangana kwenye bua kama mipira, na kama nafasi ni kubwa panda muhuti, mti wa maua mekundu.

Kima, tumbili na watoto

Wakazi wa karibu na msitu wa Karura wanajua: ukiweka ndizi saa mbili, saa mbili na dakika tano imekwenda na kima. Usipigane naye. Acha matunda kabisa, baki na maji na maua. Watoto nao wape kazi ya kuhesabu na kuandika, manati ikae mbali. Wahenga walisema ndege mwigo hana mazoea. Mwigo sina uhakika kama hufika mtaani kwetu, lakini shomoro wangu wamenizoea hadi wanagonga dirisha nikichelewa.

Hatua ya 7: Kupunguza, na wageni wa Oktoba

Usiache ghafla. Kuanzia mwisho wa Agosti, jua likirudi, toa chakula siku moja na uruke moja, halafu mara mbili kwa wiki, na mvua za Oktoba zikianza kibao kipumzike. Maji endelea nayo.

Oktoba ndipo baridi ya Ulaya inapoanza, na wale ambao hakuna sahani ya London inayoweza kuwafaa, kwa kuwa wao hula wadudu tu, wanavuka Sahara kuja kwetu. Mbayuwayu wa gramu 20 hivi anakatiza angani juu ya Barabara ya Ngong, na ndege mdogo wa kijani hafifu, gramu 10 au pungufu, anapekua vidukari kwenye majani ya waridi lako hadi Aprili. Kuwalisha hao ni kutopuliza dawa. Bomba la dawa liweke stoo kuanzia Septemba, majani yaliyoanguka yaache chini ya ua wa michongoma, na vidukari waachie ndege hao wavimalize. Wangu walichukua siku nne.